Namna ya kuchoma mkaa wa mifupa unaotoa floraidi kwenye maji

Meno yangu ya mbele ni ya kahawia na yalianza kuota hivyo hivyo. Nimezaliwa Arumeru, chini ya Mlima Meru, na mtu wa kwetu akifika Dar es Salaam hana haja ya kutaja anakotoka. Akifungua kinywa ameshajulikana. Ukipita barabara ya Arusha kwenda Moshi utakuta mahali panaitwa Maji ya Chai. Wageni hudhani ile rangi ya mto ndiyo inayotupaka meno. Hapana. Ni floraidi, madini yanayoyeyuka majini kutoka kwenye miamba. Haina rangi wala harufu, na maji yanayoharibu meno ya mtoto yanaweza kuwa meupe, ya baridi na matamu kuliko yote kijijini.

Nimefanya kazi ya fundi sanifu wa maabara kwenye shule ya sekondari kwa miaka 26, na kwa miaka 11 kati ya hiyo nimekuwa nikichoma mifupa ya ng'ombe nyuma ya nyumba yangu ili nichujie maji. Nimeulizwa sana namna ninavyofanya, na kila nikieleza kwa mdomo mtu anaondoka na nusu. Naandika yote hapa.

Nianze na sababu, kwa kuwa asiyejua sababu huunguza pipa zima bila kujua amekosea wapi. Mfupa ukiondoa nyama, mafuta na maji, kinachobaki kwa sehemu kubwa ni jiwe. Wanasayansi huliita haidroksiapataiti: kalsiamu, fosfeti, na kajozi kadogo ka oksijeni na haidrojeni kanakoitwa haidroksaidi. Floraidi inakaribiana sana kwa ukubwa na hako kajozi, na chaji yake ni ile ile. Maji yenye floraidi yakigusa jiwe hilo, floraidi inaingia na haidroksaidi inatoka, kama mpangaji anayechukua chumba cha mwenzake. Ikishaingia inatulia, maana jiwe jipya ni gumu kuyeyuka kuliko lile la kwanza.

Jino la mtoto ni jiwe hilo hilo. Nyonga ya bibi ni jiwe hilo hilo. Kwa hiyo floraidi ya kisima chako itakutana na mfupa tu, upende usipende. Uamuzi ulio mikononi mwako ni kama itakutana kwanza na mfupa wa ng'ombe kwenye ndoo au na mfupa wa mwanao. Kazi yote ninayoeleza hapa chini ni ya kumtanguliza ng'ombe.

Kwa nini sisi? Bonde la Ufa limejaa miamba ya volkano, na maji yanayopita humo huchota floraidi. Mahali penye kalsiamu nyingi majini, floraidi huungana nayo ikaganda na kutua. Maji yetu yana sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo, kwa hiyo floraidi inabaki inaelea hadi kwenye kikombe. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mwaka 1974 Tanzania ilikubali hadi miligramu 8 kwa maji ya vijijini, maana ukiyakataa hayo, kuna vijiji visingekuwa na maji kabisa. Baadaye kiwango kikashuka hadi 4, na siku hizi ni 1.5. Kisima chetu, nilipokipima mara ya kwanza, kilisoma 8.2.

Jambo moja niliseme kwa sauti kubwa: kuchemsha hakutoi floraidi. Maji yanapungua kwenye sufuria, floraidi inabaki, na kila lita iliyosalia inakuwa na floraidi nyingi kuliko mwanzo. Kuna akina mama waliochemsha maji kwa bidii miaka yote, wakiamini wanalinda watoto. Walilinda watoto na kuhara, na hilo ni jambo kubwa. Meno hayakulindwa.

Sasa mifupa. Chukua mifupa ya ng'ombe kwenye machinjio yanayokaguliwa na daktari wa mifugo, basi. Usiokote mifupa porini wala usinunue ya mnyama aliyekufa mwenyewe. Huku kwetu kimeta kipo, na vimelea vyake hudumu miaka mingi. Moto utaviua lakini wewe utakuwa umeshabeba, umevunja na umevuta vumbi. Kuna sababu nyingine ya kujua mfupa umetoka wapi. Siku moja mzee jirani yangu, Mwislamu, alisimama kwenye ua akitazama lundo langu. "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwalimu. Haya maji mnayotuletea, mifupa yake ni ya mnyama aliyechinjwa au mzoga? Na hamna kitimoto humo?" Nilimpeleka machinjioni mwenyewe, akaona, akazungumza na mchinjaji. Tangu hapo yeye ndiye anayewaeleza wengine msikitini. Usimkasirikie mtu anayeuliza swali hilo. Anakunywa yeye, na ana haki ya kujua.

Mifupa mizuri ni ile mikubwa ya miguu na mapaja. Ivunje vipande vya urefu wa kidole, ichemshe saa 2 uengue mafuta yanayoelea, kisha ianike juani juu ya bati, mahali mbwa hawafiki, wiki 6 au zaidi. Mafuta ndiyo adui wa kazi hii. Mfupa wenye mafuta unatoa moshi mzito, na mkaa wake unatoa maji yanayonuka. Mfupa uliokauka sawasawa unalia kama kigae ukiugonga kwa mwingine.

Kuna tanuri za matofali, kama zile za kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi cha Wizara ya Maji pale Ngurdoto, na wenzetu wa Nakuru nchini Kenya wamechoma mkaa huu kwa wingi kupitia mradi ulioanzishwa na Dayosisi ya Kanisa Katoliki. Mimi natumia mapipa mawili. La nje ni pipa la lita 200 lililokatwa mdomo wa kuni chini. La ndani ni la lita 100 lenye mfuniko wa bati, limekalia mawe matatu ndani ya lile kubwa. Najaza kilo 40 za mifupa mikavu kwenye pipa la ndani, nafunika, naziba ukingo kwa udongo wa mfinyanzi, lakini kwenye mfuniko naacha tundu moja linaloingia kidole. Usizibe tundu hilo hata kwa bahati mbaya. Gesi zitatafuta pa kutokea, na zikikosa, mfuniko utaruka.

Moto unakuwa nje ya pipa la ndani na mifupa haiguswi na miali. Tunataka mifupa iive bila hewa, ibaki nyeusi. Natumia kuni na maganda ya kahawa, na kazi huchukua saa 4 hadi 5. Fanya mbali na nyumba, upande ambao upepo unaondokea, maana harufu ni kali na moshi wake si wa kuvuta. Mwanzoni tundu linatoa mvuke mweupe, kisha moshi wa njano mzito ambao unaweza kushika moto wenyewe; uache uwake, unapunguza harufu. Moshi unapokatika kabisa, endelea na moto wa wastani nusu saa tu, halafu acha kuchochea.

Joto linalofaa ni nyuzi 400 hadi 500 hivi. Ukiwa chini yake, nyama na ute ndani ya mfupa haviondoki vyote. Ukipita 600, jiwe linaanza kujifunga: vijitundu vyake vidogo vinaungana, uso wake wa ndani unapungua, na floraidi inakosa pa kuingilia. Hapa ndipo elimu ya vifaa inapoingia, hata kama huna kipimajoto cha tanuri. Mimi hutumia kipande cha waya wa umeme wa alumini. Alumini safi inayeyuka kwenye nyuzi 660. Nakiweka ndani ya kikopo cha chuma, nakiegemeza kwenye ukuta wa pipa la ndani mahali panapopata moto zaidi. Nikifungua nikakuta waya umegeuka tone, najua nimepitiliza, na mkaa wa upande ule naupima peke yake kabla sijauamini. Waya ukiwa mzima, na mkaa ni mweusi hadi katikati, nimepata.

Halafu ngoja. Nasema ngoja, maana mara ya kwanza mimi sikungoja. Nilifungua pipa likiwa bado la moto kwa hamu ya kuona, hewa ikaingia, na mbele ya macho yangu mifupa ikaanza kung'aa mekundu, kisha ikawa meupe kama chokaa. Kaboni yote iliungua. Kilo 40 za mifupa, wiki 6 za jua. Siku hizi naziba tundu kwa udongo moto ukishazimika na moshi umekatika kabisa, na sigusi pipa hadi kesho yake asubuhi.

Ukifungua, soma rangi. Vunja kipande, tazama ndani. Weusi mpaka katikati, mwepesi kidogo, unaovunjika kwa mlio mkavu: mzuri. Kahawia ndani: haujaiva, rudisha kwenye pipa, maana maji yake yatakuwa na rangi na harufu ya mnofu uliooza. Kijivu: tumia, lakini pima kwanza. Mweupe: tupa shambani.

Ukinunua badala ya kuchoma, jaribu hili. Kuna mfanyabiashara aliwahi kutuuzia mfuko wa kilo 25, na watu sita walichangia fedha. Chukua punje chache, ziweke kwenye kipande cha bati juu ya jiko lenye moto mkali, uache saa moja. Mkaa wa mifupa utageuka mweupe na punje itabaki na umbo lake, maana jiwe haliungui. Mkaa wa kuni utabaki majivu unayoweza kupuliza. Wetu ulipulizika. Kwa miezi 3 tulikuwa tumechuja floraidi kwa mkaa wa mgunga, na hauitoi.

Kuponda ni kazi ya nyundo na kinu cha chuma, na kitambaa kilicholowa puani au barakoa, maana vumbi ni baya kwa mapafu. Nina machekeche mawili. La juu ni bati nililolitoboa kwa msumari, matundu ya milimita 3. Kinachobaki juu kinarudi kwenye kinu. La chini ni chekeche la unga. Kinachopita ni vumbi, hakifai kwa ndoo kwa kuwa kinaziba njia. Chengachenga zinazobaki katikati ndizo zako. Kilo 40 za mifupa hunipa kilo 22 za mkaa, na nikishapepeta nabaki na 13. Zioshe kwa maji safi, ukikoroga kwa mkono na kumwaga, mpaka maji yanayomwagika yawe meupe. Mimi huosha mara 10, wakati mwingine 15. Usichoke hapa.

Kabla ya kujenga chujio, fanya utafiti wako mdogo. Sehemu hii watu huiruka, na mimi ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa ndiyo inayokuambia ukweli kuhusu mkaa wako na maji yako, wala haikuambii kuhusu mkaa wa mtu mwingine.

Chukua chupa 5 za plastiki za lita moja. Zisiwe za kioo. Sampuli za floraidi huchukuliwa kwenye plastiki. Jaza maji yale yale ya kisima, siku ile ile, kutoka ndoo moja. Ya kwanza usiitie kitu chochote. Ya pili tia gramu 1 ya mkaa, ya tatu gramu 2, ya nne 4, ya tano 8. Muuza dhahabu au duka la dawa watakupimia kama shule haina mizani. Tikisa zote dakika 5, kila baada ya saa chache rudia, ziache saa 24, chuja kwa kitambaa, peleka zikapimwe. Chupa ile ya kwanza isiyo na mkaa ndiyo shahidi wako. Vijana wangu wa kidato cha tatu walikuwa wanaiona ni kupoteza chupa, mpaka siku moja shahidi aliposoma 3 badala ya 8. Kumbe chupa zilioshwa na maji ya shabu, ile dawa ya kutuliza tope majini, yaliyobaki maabara, na shabu nayo hukamata floraidi. Bila ile chupa tungeusifu mkaa kwa kazi iliyofanywa na shabu.

Kipimo chenyewe siku hizi ni elektrodi ya floraidi, kijiti kinachochovywa kwenye maji. Ncha yake ina kipande kidogo cha fuwele ya lanthanamu floraidi, kilichobuniwa na wanasayansi Frant na Ross mwaka 1966, ambacho kinaruhusu floraidi peke yake kupenya. Maabara za maji za serikali wanayo. Ukienda, mwombe mpimaji akuonyeshe alivyoisawazisha asubuhi ile kwa maji ya kiwango anachokijua; mpimaji mzuri hachukii kuulizwa.

Haya ndiyo matokeo yangu ya pipa la Machi mwaka jana, kama yalivyo kwenye daftari. Bila mkaa, 8.2. Gramu 2, ilibaki 3.4. Gramu 4, ilibaki 1.3. Gramu 8, ilibaki 0.5. Sasa gawa: kwenye chupa ya gramu 2, floraidi iliyoondoka ni miligramu 4.8, yaani kila gramu ilibeba 2.4. Kwenye chupa ya gramu 4 kila gramu ilibeba 1.7. Kwenye ya gramu 8, chini kidogo ya 1. Umeona? Mkaa hubeba mzigo mkubwa maji yakibaki na floraidi nyingi, na mzigo mdogo yakibaki na kidogo. Kwa hiyo mtu akikutangazia kwamba mkaa wake unabeba miligramu 5 kwa gramu, muulize: maji yalikuwa na floraidi kiasi gani mwishoni? Mimi huhesabu kwa mzigo wa gramu moja kwenye chupa ambayo floraidi iliyobaki iko karibu na 1.5 kwa lita, kisha naupunguza kidogo kwa usalama. Hapa, badala ya 1.7, nilichukua 1.5 kwa gramu.

Ndoo yangu ina kilo 12 za mkaa, ambazo zinaweza kubeba miligramu 18,000. Kila lita inaacha humo kama 7.5. Kwa hiyo ni lita 2,400. Nyumba yetu inatumia lita 20 kwa siku kwa kunywa na kupikia, basi mkaa unadumu siku 120. Kila mtu afanye hesabu hii kwa maji yake. Jirani yangu wa bondeni ana maji ya 4, mkaa huo huo unamfaa karibu mara mbili ya siku zangu.

Kujenga chujio ni rahisi. Ndoo ya lita 20 yenye koki chini. Weka kokoto zilizooshwa kimo cha vidole vitatu. Tia maji hadi nusu, ndipo umimine chengachenga taratibu ndani ya maji. Ukizimimina kavu, hewa inanasa katikati na maji yanatafuta njia moja ya mkato, yanapita bila kugusa mkaa mwingi. Juu yake weka sahani ya plastiki yenye matundu. Kwenye koki funga mpira, uupandishe nje ya ndoo hadi juu kidogo ya usawa wa mkaa, ndipo uinamishe kuelekea kwenye chombo cha kupokelea. Kwa hivyo mkaa hauwi mkavu hata siku moja. Pale mpira unapopinda juu, toboa kitundu kwa sindano ya moto, la sivyo maji yakishaanza kushuka yatavutana yote hadi ndoo ikauke. Ndoo ya maji ghafi ikae juu ya meza, koki yake imefunguliwa kidogo tu: glasi ya robo lita ijae kwa dakika moja, isiwe haraka zaidi. Floraidi inahitaji muda kufika ndani ya punje.

Ndoo 3 za kwanza mwagia maua. Ya nne onja, kisha pima.

Maji yaliyotoka humo hayana floraidi ya kutisha, lakini vijidudu vyake ni vile vile, na mkaa uliolala na maji unaweza kuongeza. Kwa hiyo chuja kwanza, halafu chemsha au tia dawa ya klorini. Kuoga na kufulia tumia ya kisima. Kupikia tumia yaliyochujwa, nami nasisitiza: ugali na makande hunywa maji mengi kuliko mtoto. Na tafadhali, mama yangu, dada yangu, acha magadi kwenye makande. Magadi ya kwetu yana floraidi nyingi, na unaweza kuchuja maji mwaka mzima kisha ukairudisha yote kwa kijiko. Nililigombea hili na shemeji yangu miaka miwili. Sasa analoweka maharage usiku kucha, yanaiva.

Kuna njia nyingine za kutoa floraidi. Wahindi walituachia ile ya Nalgonda, ya shabu na chokaa, ambayo ilijaribiwa sana hapa Arusha. Inafanya kazi lakini inataka kupima dawa kila siku na inaacha tope. Pale Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, Dk. Askwar Hilonga alibuni chujio la nanoteknolojia na mwaka 2015 akashinda tuzo ya uhandisi ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Ukimudu kununua chujio lililopimwa, nunua. Mkaa wa mifupa ni wa yule ambaye machinjio iko jirani na fedha iko mbali.

Niseme pia kuhusu mishipa ya damu, kwa kuwa vijana wananitumia ujumbe kwamba floraidi inaziba moyo, na wanataja picha za hospitali za Ulaya. Picha zipo, na ni utafiti mzuri, zinasomwa vibaya. Ateri ikiugua kwa miaka, seli za misuli za ukuta wake zinaanza kufanya mambo ya seli za mfupa, zinaweka kalsiamu na fosfeti mahali pasipostahili. Jiwe linaloota pale ni lile lile haidroksiapataiti. Tangu mwaka 1962 madaktari wanajua kumdunga mgonjwa floraidi yenye mionzi, floraidi-18, ili waone mahali mfupa unapojengeka, maana inakimbilia huko. Baadaye watafiti wa Edinburgh, Uskoti, wakaitumia kwenye moyo, na mwaka 2014 wakaonyesha kwamba inashika kwenye sehemu za ateri zenye chembe changa za kalsiamu, zile zilizo hatarini kupasuka. Dozi yenyewe ni ndogo mno, na mionzi yake inapungua nusu kila dakika 110. Floraidi pale ni mpelelezi: inaonyesha jiwe lilipo. Picha hizo hazisemi kwamba maji yaliliweka. Ukitaka kumtahadharisha mtu kuhusu kisima cha Arumeru, mwonyeshe meno ya watoto na magoti ya wazee. Ushahidi huo unatosha, wala hauhitaji kuongezwa chumvi.

Hata hivyo, nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilikaa kimya muda mrefu. Ndoo yangu ya plastiki na mashine kubwa ya kupiga picha hizo kule Edinburgh zinategemea mabadilishano yale yale ya floraidi na haidroksaidi juu ya jiwe moja.

Baada ya kuanza kutumia, andika tarehe kwenye ndoo kwa kalamu isiyofutika, na lita unazochuja kila siku kwenye daftari lililofungwa kwa kamba kwenye koki. Pima wiki ya kwanza, kisha kila mwezi, kisha kila wiki mbili ukikaribia mwisho wa hesabu yako. Ndoo yangu ya sasa ilisoma 0.3 mwezi wa kwanza, 0.4 wa pili, 0.6 wa tatu. Inapanda polepole, halafu kuna wiki itapanda ghafla, na maji yatakuwa na ladha ile ile, rangi ile ile. Ulimi hautakuambia. Mjukuu wangu ana miaka 4, meno yake ya ukubwani bado yanajengwa ndani ya fizi, na kazi hiyo itaendelea hadi afike miaka 8 hivi. Sisubiri ifike 1.5. Ikifika 1 natoa mkaa.

Mkaa uliochoka unaweza kuoshwa kwa maji ya magadi makali ya viwandani, yale ya kutengenezea sabuni, ukafanya kazi tena. Nyumbani sishauri, yanaunguza macho na ngozi, na ukishaosha unabaki na ndoo ya maji yenye floraidi nyingi kuliko kisima chochote, ambayo huna pa kuyamwaga. Mimi naufukia kwenye shimo lililo juu ya ardhi kavu, mbali na kisima na mfereji, ndoo naisugua, kokoto naziosha na kuzianika. Pipa jingine linakuwa limeshachomwa tangu mwezi mmoja nyuma, liko stoo kwenye mfuko mkavu, na karatasi yake ya vipimo vya chupa tano imo ndani ya mfuko huo huo.